Mwanafunzi wa Upinde

Upinde hutunza nguvu ya mkono kwa muda mfupi, kisha huitoa yote kwa mkupuo. Upote unapovutwa, upande unaomtazama mvutaji, ambao mafundi huuita tumbo, hubanwa. Upande wa nje, yaani mgongo, hutanuka. Upote ukiachiwa, mti hurudi katika umbo lake, na mshale huondoka na nguvu iliyokuwa imehifadhiwa humo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema wahenga, na upinde ni miongoni mwa vyombo vya kwanza kuikanusha methali hiyo.

Maumbo ya pinde ni mengi, ila mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. Upinde mrefu hukaribia kimo cha anayeutumia, na ukishafungwa upote huwa tao moja kutoka ncha hadi ncha. Upinde uliobetuka ni mfupi zaidi, na ncha zake zimegeukia mbele, upande uendako mshale. Upote wake hulala juu ya mgeuko wa ncha, na kadiri unavyovutwa huachana na mti na kupata wenzo mrefu zaidi. Ndiyo maana upinde huo huwa mgumu mwanzoni na kulainika mwishoni, na hubeba nguvu nyingi kuliko kimo chake kinavyoonyesha. Ugumu wa pinde zote hupimwa kwa ratili zinazohitajika kuzivuta hadi mwisho wa mshale.

Kutengeneza upinde ni kazi ya siku au miezi. Kumtengeneza mtu wa kuuvuta ni kazi ya miaka, na hapo ndipo ilipo sehemu ngumu ya historia hii.

Pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wangali wanawinda kwa upinde. Mtoto wa kiume hupata upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, nao ni kijiti chembamba chenye upote na vishale vya mti mtupu. Hapangiwi saa za somo wala hana mwalimu maalumu. Hushinda na wenzake wakilenga matunda, magogo, mijusi na ndege, na kila mwaka upinde wake hurefuka kidogo na kunenepa kidogo. Akifikia utu uzima huvuta upinde wa ratili 70 hivi, sawa na kilo 32 hivi, ambao mgeni mwenye afya njema huenda akashindwa kuufikisha nusu. Upote wake husokotwa kwa mishipa ya mnyama. Mshale hunyooshwa motoni: mwindaji huupasha joto, hufumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake, kisha huunyoosha kwa meno pale palipopinda. Mishale ya ndege na wanyama wadogo huchongwa ncha ya mti. Ya wanyama wakubwa hutiwa chembe ya chuma, ambayo mara nyingi ilikuwa msumari uliofuliwa ukiwa baridi juu ya jiwe, kisha hupakwa sumu ya utomvu wa mdagu au ya mbegu za mmea wa jamii ya Strophanthus.

Upande wa Kenya, katika nyika ya Tsavo na nyuma ya pwani, Wawata, ambao vitabu vya zamani huwaita Waliangulu, walijulikana kwa pinde nzito zaidi, za ratili 100 na kupita, walizowindia tembo. Chembe za mishale yao zilipakwa uchungu uliochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo, na kiini chake kilitengwa mwaka 1888 na mkemia Mfaransa, Arnaud, kikapewa jina la ouabain, linalotokana na jina la Kisomali la mti huo. Kila mwindaji aliutia mshale wake alama yake, ili tembo akianguka ijulikane pembe ni za nani. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kali dhidi ya uwindaji huo. Wanaume wengi walifungwa. Pinde zilipozuiwa mikononi mwa baba, mtoto hakuwa tena na wa kumwiga, na ustadi ulioshikiliwa kwa vizazi ulififia ndani ya kizazi kimoja.

Uingereza ndiko kulikoacha maandishi mengi zaidi kuhusu malezi ya mpiga mishale, kwa sababu huko malezi hayo yaligeuzwa kuwa sheria. Upinde mrefu wa Waingereza ulichongwa kutoka mti uitwao yew, ambao ndani yake una mali mbili katika gogo moja. Kiini chake chekundu hustahimili kubanwa, na utando mweupe wa nje hustahimili kutanuliwa, hivyo fundi huchonga ubao ambao tumbo lake ni kiini na mgongo wake ni utando huo. Miti mizuri haikuwatosha. Mwaka 1472 ilitungwa sheria ya kuzitaka meli za biashara zije na vipande vinne vya miti ya upinde kwa kila tani ya shehena. Pinde hizo zilishinda vita vya Crécy mwaka 1346 na Agincourt mwaka 1415. Katika jeshi dogo la Mfalme Henry V huko Agincourt, wengi, karibu 5,000, walikuwa wapiga mishale.

Watu hao hawakuokotwa njiani siku ya vita. Mwaka 1363 Mfalme Edward III aliagiza kila mwanamume mwenye nguvu ajizoeze upinde siku za sikukuu, akapiga marufuku kandanda, kupiganisha majogoo na michezo mingine aliyoiona ya kipuuzi. Sheria ya Henry VIII ya mwaka 1541 ilimtaka baba ampe kila mtoto wa kiume, tangu umri wa miaka 7 hadi 17, upinde na mishale miwili. Aliyetimiza miaka 24 alikatazwa kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220, yaani mita 200 hivi. Kipengele hiki kinaeleza mengi: dola haikutaka wachezaji wa karibu wenye shabaha nzuri, ilitaka migongo na mabega ya kurusha mshale mzito hadi mbali. Kurudiwarudiwa kwa amri hizi kunaonyesha jambo jingine pia. Mfalme hapigi marufuku mpira mara tatu au nne kama watu waliacha kuucheza mara ya kwanza.

Namna mtoto alivyofunzwa hasa inajulikana kupitia Askofu Hugh Latimer, aliyehubiri mbele ya mfalme kijana Edward VI mwaka 1549. Latimer alikuwa mtoto wa mkulima wa Leicestershire. Alieleza kwamba baba yake alimnunulia pinde kulingana na umri na nguvu zake, na kila alipokua alipata nyingine nzito zaidi. Alimfundisha pia auingie upinde kwa mwili mzima asiuvute kwa mikono mitupu, kama alivyoona wakifanya watu wa mataifa mengine. Ni maneno ya mzee anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi wameacha mambo ya maana, lakini ndani ya malalamiko hayo mna utaratibu kamili wa mafunzo. Samaki alikunjwa angali mbichi.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1545, msomi wa Cambridge, Roger Ascham, alitoa kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya upinde, kiitwacho Toxophilus. Ascham aligawa kitendo cha kupiga mshale katika hatua tano: kusimama, kuchomeka mshale kwenye upote, kuvuta, kushikilia na kuachia. Walimu wengi wa leo wangali wanafuata mgawo huo, ingawa wameuongezea vipengele. Alikuwa mtazamaji makini. Siku moja, akisafiri juu ya farasi katika Yorkshire, theluji ngumu ikiwa imetanda mashambani, aliona upepo ukipeperusha chembe za theluji mbele yake. Akagundua kwamba upepo haupiti kama shuka moja. Huja kwa mikondo, mmoja wa kasi ukipita kando ya mwingine uliotulia, na huweza kugeuka katikati ya safari. Kwa mpiga mishale anayetazama jani moja lililo karibu naye na kudhani ameujua upepo wote, hilo lilikuwa onyo zito. Kitabu hicho kilimpatia Ascham malipo ya pauni 10 kwa mwaka kutoka kwa Henry VIII, na baadaye alimfundisha Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia.

Mwaka huohuo wa 1545, mwezi Julai, manowari Mary Rose ilizama katika mlangobahari wa Solent, karibu na Portsmouth. Ilipoinuliwa Oktoba 1982, wachimbaji walikuwa wamekwisha kutoa tumboni mwake pinde nzima zaidi ya 130 na maelfu ya mishale. Hapo ubishi wa miaka mingi ukakatika. Wataalamu waliokadiria pinde za vita kuwa za ratili 60 au 70 walijikuta mbele ya miti minene iliyopimwa kati ya ratili 100 na 185, yaani kilo 45 hadi 84. Mifupa ya mabaharia nayo ilikuwa na lake la kusema. Katika baadhi ya mabega, ncha ya mfupa ambayo kwa kawaida huungana mtu anapokaribia miaka 20 haikuwa imeungana, dalili inayohusishwa na kuvuta upinde mzito tangu utotoni. Sheria za wafalme zilikuwa zimeandikwa hadi mifupani.

Istanbul ilikuwa na njia yake. Upinde wa Kituruki ni upinde uliobetuka wa vitu vitatu vilivyogandishwa kwa gundi: mti katikati, pembe ya nyati wa majini tumboni, na nyuzi za mishipa ya ng'ombe mgongoni. Pembe hustahimili kubanwa na mishipa hustahimili kutanuliwa, yaani kazi ileile ya kiini na utando wa yew, ila vyote viwili vina nguvu kupita mti wowote. Fundi aliuacha ukauke mwaka mzima au zaidi kabla ya kuutumia. Ukiwa hauna upote, upinde huo hujikunja kuelekea mbele mpaka ncha zikakaribia kukutana, na asiyeujua huweza kuufunga upote kinyume na kuuvunja. Unyevu ni adui yake mkubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya nchi za mvua za kaskazini kubaki na mti mtupu.

Baada ya kuiteka Istanbul mwaka 1453, Sultani Mehmed II alitenga uwanja wa Okmeydanı, jina lenye maana ya uwanja wa mishale, na huko kukawa na chuo cha wapiga mishale kilichoendeshwa kama tekke, yaani zawiya. Dini ilikuwa na nafasi yake. Katika hadithi zilizopokewa na Uqba bin Amir, Mtume Muhammad (s.a.w.) alilifasiri neno “nguvu” lililomo katika Kurani kuwa ni kurusha mishale, na akamlaumu anayejifunza ujuzi huo kisha akauacha. Kwa Waturuki, mazoezi ya kila siku yalikuwa sehemu ya ibada sawa na yalivyokuwa sehemu ya ulinzi.

Mwanafunzi hakupewa mshale. Alipewa kepaze, upinde laini usiorusha chochote, akauvuta na kuurudisha polepole mara mamia kwa siku, mwalimu akirekebisha bega, kiwiko na kidole gumba. Waturuki huvuta upote kwa gumba lililovikwa pete ya pembe au ya mfupa, tofauti na Waingereza wanaotumia vidole vitatu, na gumba huchukua muda kuzoea. Miezi ikipita, ugumu wa upinde uliongezwa. Hatua iliyofuata ilikuwa torba, mfuko uliojazwa mbegu za pamba na kuwekwa hatua chache mbele yake. Hapo alirusha mishale bila kuhangaikia shabaha, maana kwa umbali ule hakuna wa kukosa. Kilichotazamwa ni namna mshale ulivyoondoka, ukinyooka au ukitikisa mkia. Alipotoka mbele ya mfuko na kwenda uwanjani alitakiwa kufikisha mshale gez 900, karibu mita 600, mbele ya mashahidi. Aliyefaulu alifanyiwa sherehe ya kabza: mwalimu alimkabidhi mshikio wa upinde na kumnong'oneza sikioni siri ya kazi. Neno kabza ni ndugu wa kabidhi la Kiswahili. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wa kushika mkononi. Waliorusha mbali kupita wenzao waliwekewa mawe ya kumbukumbu pale mshale ulipoangukia, na baadhi ya mawe hayo yangali yamesimama katikati ya mji.

Bunduki za mwanzo hazikuwa bora kuliko upinde kwa kila kipimo. Zilikuwa nzito, zilichukua muda kushindiliwa, na mvua ilizizima. Lakini mtu aliyechukuliwa shambani aliweza kufundishwa bunduki kwa wiki chache, naye hakuhitaji bega lililolelewa tangu utotoni. Mwaka 1595 Baraza la Malkia Elizabeth liliamuru pinde za wanamgambo zibadilishwe kwa bunduki. Huko Istanbul upinde uliondoka vitani polepole ukabaki mchezo wa heshima, na Sultani Mahmud II, aliyekuwa mpiga mishale mwenyewe, ndiye aliyemwagiza Mustafa Kani aandike kitabu kikubwa cha ujuzi huo kabla haujasahaulika.

Uingereza iliufufua upinde kwa sababu ambayo Edward III asingeielewa. Thomas Waring, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Sir Ashton Lever jijini London, alikuwa na maumivu ya kifua yaliyotokana na kuinama mezani siku nzima. Akaanza kupiga mishale kama mazoezi, kifua kikafunguka. Bwana wake alipoona hivyo naye akajiunga, na mwaka 1781 wakaanzisha Toxophilite Society. Pinde zao zilikuwa nyepesi, nusu au hata theluthi ya zile za Mary Rose, na wanawake walikaribishwa katika vyama kadhaa vya namna hiyo. Katika miaka ya 1790, Mahmud Efendi, katibu wa ubalozi wa Uturuki, aliwarushia wanachama wa London mshale uliopita yadi 400 kwa upinde wake uliobetuka. Wenyeji walipigwa na butwaa. Yeye aliomba radhi kwamba hakuwa na mazoezi.

Aliyeugeuza mchezo huo kuwa elimu ya vipimo ni Horace Ford, bingwa wa Uingereza mara 11 mfululizo kuanzia mwaka 1849. Kabla yake watu walivuta hadi sikioni au kifuani, kila mmoja kwa mazoea yake. Ford alitaka mkono ufike mahali pamoja kila mara, chini ya taya, mshale ukiwa moja kwa moja chini ya jicho linalolenga. Alama 1,251 alizopata mwaka 1857 hazikupitwa katika mashindano hayo hadi mwaka 1949.

Marekani ilichangia kwa njia mbili. Ndugu wawili, Maurice na Will Thompson, walikuwa askari wa upande wa Kusini ulioshindwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wakazuiwa kumiliki bunduki, wakageukia upinde ili wapate kitoweo. Makala za Maurice zilizokusanywa katika kitabu mwaka 1878 ziliwasha mapenzi ya upinde nchi nzima, na mwaka uliofuata chama cha taifa kikaundwa. Kisha mwaka 1911 Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, alitokea karibu na mji wa Oroville, California. Akaishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi kifo chake mwaka 1916. Daktari wa chuo hicho, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga upinde mfupi wenye mishipa mgongoni na ncha zilizobetuka kidogo, na kuwinda nao. Pope alikuja Tanganyika mwaka 1925 pamoja na Arthur Young, wakapiga simba kwa mishale, bunduki zikiwa tayari nyuma yao kwa usalama. Inashangaza kidogo kusoma safari hiyo ikielezwa kama ujasiri wa kipekee, wakati si mbali sana na hapo watoto wa Wahadzabe walikuwa wakilenga ndege kwa pinde zao, na hakuna aliyewashangaa.

Miaka ya 1930 wanafizikia Clarence Hickman na Paul Klopsteg walipima jinsi mikono ya upinde inavyojikunja, wakaonyesha kwamba umbo bapa hutumia mti vizuri kuliko umbo la mviringo la Waingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi zilichukua nafasi ya pembe na mishipa, na upinde uliobetuka ukaanza kuzalishwa viwandani kwa bei nafuu, bila hofu ya unyevu. Ndio uliotumika mchezo huo uliporudi katika Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich. Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen alipata hataza ya upinde wa magurudumu, ambao humpunguzia mvutaji mzigo anapofika mwisho wa kuvuta. Ni hapo tu ndipo upinde mrefu na upinde uliobetuka vilipoanza kuitwa vya asili. Kabla ya Allen vilikuwa pinde tu.

Mwanafunzi wa leo anayejifunza upinde kama mchezo kwa kawaida huanzishwa na upinde uliobetuka wa ratili 20 hadi 25, mshikio wa mti na mikono miwili inayoweza kufunguliwa. Nguvu zikiongezeka, mshikio hubaki na mikono hubadilishwa kwa mingine mizito, hivyo baba wa leo halazimiki kununua pinde nyingi kama baba yake Latimer. Hukaguliwa kwanza ni jicho lipi linaloongoza, kwa kunyoosha mikono, kuacha tundu dogo kati ya viganja na kutazama kitu cha mbali. Anayeongozwa na jicho la kushoto hushauriwa kushika upinde wa mkono wa kushoto hata kama anaandika kwa mkono wa kulia. Huonywa asiachie upote bila mshale, kwani nguvu isiyopata mshale wa kuibeba hurudi kwenye mikono ya upinde na kuipasua. Upinde mrefu humfikia baadaye, kwa kuwa hutetema zaidi mkononi na hausamehi kosa la mkao.

Siku za kwanza husimamishwa mita tano au kumi kutoka kwenye rundo la majani makavu au povu lisilo na karatasi ya shabaha. Akishazoea huambiwa afumbe macho, avute, asikilize mgongo wake, kisha aachie. Mwalimu husimama pembeni akitazama mkia wa mshale.